Wajina wa Udongo: Clayface Ni Mmoja au Ni Wengi?

Juni 1940, toleo la 40 la jarida la katuni la Detective Comics lilimletea Batman adui mpya: Basil Karlo, mwigizaji mkongwe wa filamu za kutisha. Karlo amesikia kwamba filamu iliyomjengea jina inatengenezwa upya, na nafasi yake amepewa mwingine. Anachukua kinyago cha mhalifu aliyewahi kumwigiza, Clayface, yaani Uso wa Udongo, na kuanza kuwaua waigizaji wa filamu hiyo mpya kwa kufuata mpangilio wa vifo ulioandikwa katika hadithi yake. Miongoni mwa waigizaji hao yumo Julie Madison, mchumba wa Bruce Wayne, ambaye kwa siri ndiye Batman. Karlo hajigeuzi umbo wala hayeyuki. Silaha zake ni kinyago na uchungu wa mtu aliyesahaulika.

Alirudi mara moja tu, mwaka 1941, kisha akawekwa kando. Jina lake halikuwekwa kando. Tangu hapo limevaliwa na mtafuta hazina, mwanasayansi mgonjwa, mwanamke gaidi, mtoto mchanga, mnyama wa vichochoroni na askari wa zimamoto. Wote wameitwa Clayface.

Kiswahili kina neno tamu kwa watu wanaoitwa jina moja: wajina. Wajina wakikutana safarini, hata kama hawajawahi kuonana, hucheka na kushikana mikono kama ndugu. Mtoto akipewa jina la babu yake, mama yake mwenyewe humwita "baba" na kumpa heshima ya mkubwa. Jina kwetu ni deni na ni dhamana. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili ana haki ya kumuuliza Clayface swali ambalo wasomaji wa katuni wa Marekani wamekuwa wakilibishania kwa miaka mingi: je, hawa wote wahesabiwe kila mtu na habari zake, au waunganishwe wawe mtu mmoja?

Tuwakalishe barazani watu watatu wajadili swali hilo. Wa kwanza ni Mkusanyaji, mzee aliyetunza majarida ya zamani. Wa pili ni Mchoraji, binti anayechora katuni kwa riziki yake. Wa tatu ni Mhariri, mama aliyezoea kuuliza kazi ni ya nani kabla hajaipeleka kiwandani.

Mzee anaanza

"Tuwahesabu kwanza," anasema Mkusanyaji. "Mtu hawezi kuamua kuwaunganisha watu asiowajua."

Anaanza na Desemba 1961, toleo la 298. Humo anatokea Matt Hagen, mtafuta hazina anayetumbukia katika dimbwi la ajabu ndani ya pango. Anapotoka, mwili wake umekuwa laini kama udongo mikononi mwa mfinyanzi: anaweza kuwa tai, nyoka, jitu au mtu yeyote amtakaye. Lakini uwezo huo una kikomo. Baada ya saa 48 unakwisha, na ni lazima arudi dimbwini.

"Na msidhani mabadiliko hayo yalikuja bure," anaendelea mzee. "Mwaka 1954 Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuhusu katuni na uhalifu wa vijana. Mwaka huohuo daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu cha kuzilaumu. Wachapishaji wakaogopa, wakajiwekea kanuni kali ya kujichuja. Muuaji aliyejificha nyuma ya kinyago, mwenye wivu na damu mikononi, hakuwa na nafasi tena. Mwizi anayejigeuza dubwana, huyo alipita. Hagen ni mtoto wa woga ule. Ukimfuta, umeifuta na habari ya zama zake."

Hagen alikufa katika toleo la mwisho la Crisis on Infinite Earths, lenye tarehe ya Machi 1986, lile simulizi kubwa ambalo kampuni ya DC ilitumia kusafisha ulimwengu wake wa katuni.

Kisha mzee anapunguza sauti, kwa sababu anayefuata ndiye kipenzi chake. Preston Payne alitokea mwaka 1978, katika matoleo ya 478 na 479, kwa hati ya Len Wein na michoro ya Marshall Rogers. Ni mwanasayansi wa maabara za S.T.A.R. ambaye tangu ujana ana ugonjwa wa tezi ulioharibu mifupa na sura yake. Anajidunga sindano yenye asili ya damu ya Hagen ili ajifinyange uso wa kupendeza. Kwa muda mfupi anafaulu. Anatoka na msichana, maisha yanamfungukia, halafu nyama yake inaanza kuyeyuka. Anapomgusa msichana yule, naye anayeyuka. Tangu siku ile Payne anaishi ndani ya vazi la chuma linalomshikilia asimwagike, na kila anayemgusa hufa.

Payne hatafuti fedha. Anatafuta mtu wa kukaa naye. Anampata: sanamu ya nta aliyoiita Helena, mwanamke pekee ambaye mkono wake hauwezi kumuua. Mwaka 1987, katika Batman Annual la 11, Alan Moore aliandika sura iliyofuata ya mapenzi hayo, ikachorwa na George Freeman. Payne amejificha katika duka kubwa la bidhaa mbalimbali. Mchana anabaki mafichoni; usiku, wateja wakishaondoka, anatoka kwenda kuishi na mpenzi wake kati ya vitanda na meza za kuuzwa. Halafu wivu unamwingia, kwa sababu mlinzi anamzungukia "mkewe". Hadithi nzima inasimuliwa kwa sauti ya Payne, na msomaji anajikuta ndani ya kichwa cha mtu anayeona ndoa mahali ambapo sisi tunaona sanamu ya dirishani. Batman hamalizi ugomvi ule kwa ngumi. Anamwona mtu anayelia, anamnyoshea mkono. Mwisho Payne na Helena wanakaa pamoja katika chumba cha hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham, mbele ya televisheni, kama wazee wawili waliochokana.

"Sasa niambieni," anasema mzee, "mtu huyo unamuunganishaje na mwizi wa 1961?"

Anawamaliza waliobaki kwa haraka. Sondra Fuller, wa mwaka 1987, alipewa mwili wa udongo na kundi la Kobra, na tofauti na wenzake aliweza kunakili hata uwezo wa mtu anayemwiga. Payne na Sondra walipendana na kupata mtoto, wakamwita Cassius. Todd Russell alitokea mwaka 2002 katika hadithi za Catwoman, akiwawinda makahaba wa mitaa maskini ya Gotham, jiji la Batman. Johnny Williams, wa mwaka 2005, alikuwa askari wa zimamoto aliyegeuka udongo baada ya mlipuko wa kemikali na kutumiwa na wahalifu wakubwa zaidi yake.

Binti anajibu

Mchoraji amesikiliza kwa adabu, lakini hakubali. "Mzee wangu, nimekuheshimu hadi mwisho. Sasa nikuulize: hao wawili wa mwisho, nani anawakumbuka? Wewe, na wenzako watano. Jina limegawanywa vipande mpaka hakuna kipande kinachotosha kumlisha msomaji. Leo ni mwizi, kesho mgonjwa, keshokutwa zimamoto. Huwezi kumhurumia mtu anayebadilishwa kila baada ya miaka kumi."

Ushahidi wake ni wa mwaka 1992. Septemba ya mwaka huo, katuni ya televisheni ya Batman ilionyesha kisa cha sehemu mbili kiitwacho Feat of Clay, kilichoandikwa na Marv Wolfman na Michael Reaves. Mhusika anaitwa Matt Hagen, jina la yule wa 1961. Lakini kazi yake ni uigizaji, kama Karlo wa 1940. Na uso wake umeharibika, kama wa Payne wa 1978. Tajiri mmoja mwovu anamtegea mafuta ya kupaka yanayoulainisha uso na kuurudisha katika umbo lake, mafuta ambayo mtumiaji hawezi kuyaacha. Siku anayomwagiwa chupa nzima, udongo unamwingia hadi mfupani.

Mchoraji anasimama kuelezea tukio la mwisho kwa mikono, kana kwamba analichora hewani. Batman amempeleka Hagen mahali palipojaa televisheni. Anaziwasha zote. Kila kioo kinaonyesha mtu mmoja kati ya wote ambao Hagen aliwahi kuwaigiza. Hagen anapotazama, mwili wake unaanza kuwafuata bila ridhaa yake: sura hii, sura ile, mwanamume, mwanamke, mzee, askari, haraka mpaka hajui tena yupi ni yeye. Ron Perlman ndiye aliyempa sauti, na sauti ile inapasuka pamoja na uso.

"Hapo," anasema binti, "wajina watatu walifinyangwa wakawa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye watu wengi wanayemfahamu leo. Wahenga walisema udongo upatilize ungali maji. Hadithi ni udongo mbichi. Ukiiacha ikauke kila mtu na chungu chake kabatini, umeiua."

Anaongeza mfano wa 2016. Mwaka huo mwandishi James Tynion IV alimchukua Basil Karlo na kumweka katika kikosi cha Batman mwenyewe, apewe nafasi ya kujirekebisha. Karlo akawa rafiki wa Cassandra Cain, msichana aliyelelewa ili awe muuaji, asiyejua kusema vizuri. Karlo akamfundisha mambo ya jukwaani. Adui wa daraja la pili, ambaye watoto hawamgombanii mchezoni, akapata moyo. "Na alipata moyo kwa sababu mwandishi alikubali kukaa na mtu mmoja," anasema Mchoraji.

Msichana aitwaye Annie

Mkusanyaji hachelewi. Anajibu kwa ushahidi kutoka mwendelezo wa katuni ileile ya televisheni, kisa cha mwaka 1998 kiitwacho Growing Pains.

Robin, msaidizi wa Batman, ambaye hapa ni kijana Tim Drake, anakutana mtaani na msichana asiyekumbuka chochote. Ana woga, ana mwanamume anayemfukuza, na anamwamini Robin peke yake. Anaitwa Annie. Polepole ukweli unajitokeza: mwanamume yule ni Clayface, na Annie ni kipande cha udongo wake, alichokimega na kukituma kikapeleleze kama nje ni salama. Kipande kile kilipotea, kikajisahau, kikawa mtu. Kina hofu zake, kina rafiki, kimechagua upande. Mwishoni Annie anajitupa mbele kumwokoa Robin, na Clayface anamvuta ndani ya mwili wake hadi anatoweka. Clayface anapokamatwa na makosa yake kuorodheshwa, wizi huu na ule, Robin anaongeza kosa moja ambalo polisi hawakuliandika: mauaji.

"Mwanangu," anasema mzee, "waandishi wa katuni hiyo unayoisifu ndio walionionyesha maana ya kuunganisha. Kuunganisha ni kumeza."

Anaongeza jingine. Mwaka 1989, katika matoleo ya 604 hadi 607 ya Detective Comics, Alan Grant na mchoraji Norm Breyfogle waliwakutanisha wajina wote wa wakati ule katika hadithi iitwayo The Mud Pack. Anayewaita ni Basil Karlo, yule wa kwanza, binadamu wa kawaida ambaye kwa miaka 49 hakuwa na uwezo wowote. Anawaita Payne na Sondra kwa jina la undugu, na masalia ya Hagen aliyekufa anayo. Kumbe hakutaka ndugu. Alitaka damu yao. Anajidunga kilicho ndani yao na kujitangaza kuwa Clayface aliyetimia, mwenye nguvu za wote.

"Ndani ya hadithi zenyewe," mzee anamalizia, "kuwafanya wajina kuwa mmoja ni kazi ya adui."

Kimya kinapita. Mchoraji anatazama chini. Si kwamba ameshindwa. Ni kwamba hoja imemgusa mahali ambapo hakutarajia.

Jina ni la nani?

Mhariri sasa anaingia. Yeye anataka wenzake watazame mahali ambapo jina linatengenezewa bei.

"Stelingi hurithishwa jina," anasema. "Adui huokotewa." Flash wa kwanza, Jay Garrick, alitokea mwaka 1940; Barry Allen akalichukua jina mwaka 1956, na waandishi wakahakikisha kwamba mrithi anamjua na kumheshimu aliyemtangulia. Robin wa kwanza ni Dick Grayson, wa 1940. Wa pili, Jason Todd, alipigiwa kura ya simu na wasomaji mwaka 1988: kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Alikufa kwa tofauti ya kura 72, na Batman akaiweka sare yake katika kioo pangoni kama kumbukumbu. Tim Drake alipoivaa nafasi ile, aliivaa akijua uzito wake.

Clayface hakuwekewa kioo popote. Kila mara jina lilipokuwa limelala, mtu aliliamsha kwa sababu ni jina zuri na linamilikiwa tayari. Katika biashara hii jina ni mali kama shamba. Captain Marvel ndiye mfano unaofahamika zaidi: kampuni ya Fawcett ilimtoa mwaka 1940, ikaacha kumchapisha mwaka 1953 baada ya kesi ndefu na wamiliki wa Superman, na jina lilipobaki wazi, kampuni ya Marvel ikalitwaa mwaka 1967. DC ilipotaka kumrudisha yule wa zamani mwaka 1973, ililazimika kuliita jarida lake Shazam!

"Kwa hiyo, mzee, hao wajina unaowatetea hawakuzaliwa kwa mapenzi. Wengi walizaliwa kwa sababu jina halikutakiwa lilale bure."

"Mtoto aliyezaliwa kwa sababu mbaya ni mtoto," anajibu mzee.

Mhariri anakubali kwa kichwa. Halafu anasema jambo lililobadilisha baraza.

Sahihi kwenye kisanduku

Anawaomba wafikirie ukurasa wa kwanza wa hadithi ya Batman ya zama za Karlo na Hagen. Juu pana kichwa cha habari, chini yake Batman akiruka juu ya mapaa, na pembeni pana kisanduku kidogo chenye sahihi ya mchoraji aliyetambuliwa kuwa mwanzilishi wa Batman: Bob Kane. Hapakuwa na jina jingine.

Hadithi ya Juni 1940 iliyomleta Basil Karlo iliandikwa na Bill Finger. Hadithi ya Desemba 1961 iliyomleta Matt Hagen iliandikwa na Bill Finger, ikachorwa na Sheldon Moldoff, ambaye tangu 1953 hadi 1967 alimchorea Kane kwa siri. Yaani katika toleo la 298, lenye adui anayeiba sura za watu wengine, sahihi ni ya mtu ambaye hakuiandika hadithi ile wala hakuichora.

Finger alikuwa muuza viatu, kijana mwenye ndoto ya kuandika, alipokutana na Kane. Mwaka 1939 ndiye aliyependekeza joho na kofia yenye masikio kwa Batman badala ya mabawa magumu. Ndiye aliyetoa jina la Bruce Wayne na jina la Gotham. Alishiriki kumuumba Robin na Joker. Lakini mkataba na kampuni aliufunga Kane, na mkataba ule ulimtambua mtu mmoja. Finger alifariki Januari 1974 akiwa na umri wa miaka 59, bila jina lake kuandikwa kama mwanzilishi wa Batman. Hakuachiwa kaburi. Mwanawe Fred alichukua majivu yake hadi ufukwe wa Oregon, akayamwaga mchangani kwa umbo la popo, bahari ikaja ikayachukua.

"Mnabishana kama Clayface ni mmoja au wengi," anasema Mhariri. "Chini ya jina la Kane walikuwamo wengi, na wale wengi walimezwa kama Annie. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na nyumba za kulipia kodi."

Mchoraji ndiye anayeshtuka zaidi, kwa sababu hii ni kazi yake. Anajua maana ya kuchora usiku kucha na kuona jina la mwingine asubuhi. Anaanza kuhesabu majina ndani ya hadithi hii moja. Basil Karlo amepewa jina kutokana na waigizaji wawili, Basil Rathbone na Boris Karloff. Karloff mwenyewe hakuzaliwa Karloff: alizaliwa London mwaka 1887 akiitwa William Henry Pratt, na jina la Karloff ndilo lililobaki vinywani mwa watu baada ya filamu ya Frankenstein ya 1931. Bob Kane alizaliwa Robert Kahn. Bill Finger alizaliwa Milton. Hata mtoto wa Payne na Sondra, Cassius, ukimtia udongo wa wazazi wake kwa Kiingereza, anakuwa Cassius Clay, jina ambalo bondia mkubwa kuliko wote alilikataa mwaka 1964 akisema ni jina la utumwa. Miaka 10 baadaye, alipopigana mjini Kinshasa, umati haukumwita hivyo. Ulimwita Ali.

"Basi kuna anayevaa jina, kuna anayelivua, na kuna anayenyang'anywa," anasema binti. "Wa kwanza na wa pili wana uhuru. Wa tatu anadai."

Hukumu ya baraza

Hapa ndipo pande mbili zilizoanza mbali zinapoweza kukutana, na si kwa kugawana katikati ili kila mtu arudi nyumbani ameridhika.

Mchoraji ana haki kuhusu hadithi. Mwandishi wa leo akitaka kumtengeneza Clayface mmoja kutoka kwa watatu, afanye. Kisa cha 1992 ni kazi bora, na kisingekuwapo kama waandishi wake wangeogopa kuchanganya. DC Studios nayo, kwa filamu ya Clayface iliyopangwa kutoka mwaka 2026, imemchukua tena mwigizaji anayeharibika mwili, Tom Rhys Harries akiwa katika nafasi kuu. Huo ni mchanganyiko uleule, na hakuna wa kuukataza.

Mkusanyaji ana haki kuhusu kumbukumbu. Anayetengeneza mmoja kutoka kwa wengi ana wajibu wa kusema aliwachukua wapi. Uigizaji ulitoka kwa Karlo wa Finger. Uwezo wa kujigeuza ulitoka kwa Hagen wa Finger na Moldoff. Maumivu yalitoka kwa Payne wa Wein na Rogers. Yakisemwa hayo, hakuna aliyemezwa. Yasiposemwa, hadithi imefanya kile alichofanya Karlo mwaka 1989: imewaita ndugu ili iwanyonye damu.

Mwaka huohuo wa 1989, katika kitabu cha maisha yake, Bob Kane alikiri hatimaye kwamba Finger alistahili kutambuliwa. Finger alikuwa amekufa miaka 15. Iliwachukua watafiti, akiwamo mwandishi Marc Tyler Nobleman, na mjukuu wa Finger, Athena, miaka mingi zaidi ya kuandika, kuuliza na kudai. Septemba 2015 DC ilitangaza kwamba jina la Bill Finger litaandikwa pamoja na la Kane, na mwaka 2016 likaonekana sinemani, katika filamu ya Batman v Superman.

Kwa hiyo ombi la baraza hili kwa msomaji ni dogo na linawezekana. Ukifungua kitabu cha katuni, cha Marekani au kilichochapwa mjini kwako, soma ukurasa wenye majina kabla ya kugeuza. Mtaje aliyeandika, mtaje aliyechora, mtaje aliyetia rangi na aliyeandika maneno kwenye viputo. Ukimsimulia mwanao kisa cha mtu wa udongo, mwambie ni yupi kati ya wajina, na nani alimfinyanga.

Desemba 2017, katika Bronx mjini New York, kwenye kona ya barabara ya East 192 na Grand Concourse, karibu na bustani ya Poe ambako Kane na Finger walikuwa wakikaa kupanga hadithi zao, kilizinduliwa kibao cha mtaa. Kimeandikwa Bill Finger Way.